Somo la Tano: Ujira na Mrabaha wa Mwandishi wa Michezo ya Redio

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:
(a) kutofautisha ujira, mrabaha na hakimiliki;
(b) kueleza jinsi sheria ya Kenya inavyoutazama mchezo ulioagizwa na ule ambao mwandishi aliubuni mwenyewe;
(c) kupima iwapo malipo ya mkupuo yanamfaa kuliko malipo ya kila marudio;
(d) kudai haki yake iwapo hatalipwa.

Utangulizi

Masomo yaliyotangulia katika kijitabu hiki yalimhusu mtu anayenunua: simu, mkopo, bima au tiketi ya basi. Somo hili linamhusu mtu anayeuza, na huenda msomaji akauliza limeingiaje humu. Sababu ni kwamba watu wanaoandika michezo ya redio mara nyingi hawaishi kwa kalamu. Ni walimu, wauguzi, wanafunzi wa vyuo, au kijana aliyeanza kuigiza katika kikundi cha mtaani akagundua kuwa ana kipaji cha kutunga mazungumzo. Watu hawa hukutana na mkataba uliokwisha kuandikwa na upande wa pili, wakaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, na wakaambiwa kuwa wengine wote wamekubali. Hali yao haitofautiani na ya mtu anayejaza fomu ya mkopo bila kuelezwa riba. Kwa hiyo wanastahili mwongozo kama wa mlaji mwingine yeyote.

Jambo kuu tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: katika mchezo wa redio, kiasi cha fedha unachopewa siku ya kwanza ni sehemu tu ya bei. Sehemu nyingine ni haki unazobaki nazo. Na chini ya sheria ya Kenya, mwandishi aliyeagizwa kuandika asipotaja haki hizo katika makubaliano, ukimya wake humnufaisha aliyemwagiza.

Maneno matatu

Ujira ni malipo ya kazi ya kuandika. Hulipwa kwa kila sehemu ya mchezo, kwa kila dakika ya mchezo, au kwa mkupuo mmoja kwa kazi nzima.

Mrabaha ni malipo yanayotokana na matumizi ya kazi hiyo baada ya kuandikwa. Kila mara kazi inapotumiwa upya, mwandishi hupata kiasi kilichokubaliwa: asilimia ya ujira wa kwanza, asilimia ya mapato, au kiasi maalumu cha shilingi.

Hakimiliki ni haki ya kisheria ambayo mrabaha huchipuka kutoka kwake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataja wazi miswada ya utangazaji, pamoja na tamthilia na maelekezo ya jukwaani, kuwa miongoni mwa kazi za fasihi zinazolindwa. Mwenye hakimiliki ndiye mwenye uwezo wa kuruhusu kazi inakiliwe, itafsiriwe, ibadilishwe kuwa ya namna nyingine, au itangazwe kwa umma. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka anaofariki. Kwa hiyo mchezo unaoandikwa na mtu mwenye umri wa miaka 30 leo unaweza kuwa mali ya wajukuu wake.

Ikumbukwe kuwa sheria hailindi wazo tupu. Anayemwambia mtayarishaji, "Nina hadithi ya familia inayogombania shamba," bado hana kitu cha kulindwa. Akiliandika wazo hilo likawa na wahusika, matukio na mazungumzo yaliyotungwa kwa juhudi yake mwenyewe, hapo sasa ana kazi. Ulinzi huanza kazi inapowekwa katika maandishi au rekodi. Hauhitaji kungoja cheti.

Kwa nini mrabaha wa redio si kama wa kitabu

Mwandishi wa riwaya hulipwa mrabaha kwa kuhesabu nakala zilizouzwa. Redio haiuzi nakala. Msikilizaji hawashi redio kwa kulipa, na hakuna duka ambalo mwandishi anaweza kwenda kuuliza ni mizigo mingapi imeondoka. Kinachoweza kuhesabiwa ni urushaji wenyewe: mchezo umerushwa mara ngapi, na stesheni gani, kwa lugha gani, na kama umewekwa pia mtandaoni mahali ambapo watu wanausikiliza wakati wowote.

Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa redio asiyewekewa njia ya kujua marudio hawezi kudai malipo ya marudio, hata kama mkataba wake unayataja. Ahadi ya mrabaha isiyoambatana na taarifa ni sawa na hisa katika duka ambalo daftari lake hulioni. Tutalirudia jambo hili tunapofika kwenye vipengele vya mkataba.

Michezo ya redio hudumu kuliko wengi wanavyodhani. Mchezo wa mfululizo Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 kwa lengo la kuelimisha umma kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, uliendelea kwa miaka. Michezo ya namna hiyo, inayogharamiwa ili kufundisha afya, kilimo au amani, hufaa kurudiwa, kutafsiriwa na kupelekwa wilaya nyingine. Na humo ndimo thamani ya hakimiliki inamojificha, kwa kuwa anayegharamia mara nyingi huhitaji haki zote ili aweze kuyafanya hayo bila kumrudia mwandishi.

Swali la kwanza: uliagizwa, au uliuleta?

Kabla ya kuuliza "mtanilipa ngapi?", mwandishi ajiulize: je, mchezo huu niliagizwa niuandike, au niliuandika kwa hiari yangu kisha nikauleta? Jibu lake hubadilisha kila kitu.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki kinasema kuwa hakimiliki huanza kwa mtunzi. Lakini kinaweka hali mbili ambazo hakimiliki huhesabiwa kuwa imehama. Ya kwanza ni pale kazi inapofanywa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake. Hapo huhamia kwa mwajiri. Ya pili ni pale kazi inapoagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi. Hapo huhamia kwa aliyeagiza. Katika hali zote mbili, pande husika zinaweza kukubaliana vinginevyo, ama kwa kuuondoa uhamisho huo kabisa au kwa kuuwekea mipaka.

Tafsiri yake katika maisha ya kawaida ni hii. Stesheni au shirika likikupigia simu likasema, "Tuandikie mchezo wa sehemu 13 kuhusu utunzaji wa maji," nawe ukaandika bila kukubaliana lolote kuhusu haki, sheria itauona mchezo huo kuwa wa aliyeagiza. Atakulipa ujira mliokubaliana, na marudio, tafsiri na matumizi ya mtandaoni yatakuwa yake bila kukudaiwa.

Mchezo uliouandika mwenyewe bila kuagizwa una hadhi nyingine. Hakimiliki ni yako, na kifungu cha 33 kinasema kuwa uhamisho wa hakimiliki, au leseni ya kipekee, hauna nguvu mpaka uwe umeandikwa na kutiwa sahihi na mwenye haki au na mtu aliyemwakilisha. Ruhusa isiyo ya kipekee, yaani ile isiyokuzuia kuwapa na wengine, inaweza kutolewa kwa mdomo au kueleweka kutokana na mwenendo wenu. Hivyo basi ukimpa mtayarishaji mswada wako naye akaurusha kwa idhini yako, umempa ruhusa ya kuurusha, hujampa umiliki.

Mfano: mwalimu wa Voi

Tumtunge mwalimu wa shule ya msingi mjini Voi kwa ajili ya somo hili tu. Likizo ya Desemba iliyopita aliandika sehemu nne za mchezo kuhusu ndugu wawili wanaoendesha kibanda cha chai penye kituo cha matatu. Mwezi wa pili, mtayarishaji kijana kutoka Mombasa aliyesikia habari zake anampigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumeusoma mchezo wako, tumeupenda. Tunataka sehemu 13. Sisi hulipa kwa sehemu."

"Marahaba, mwanangu. Nashukuru. Sehemu nne ninazo tayari. Hizo tisa nitaziandika. Basi tuelewane mapema: hizi nne ni zangu, na hizo tisa tuandikiane jinsi zitakavyokuwa."

"Mwalimu, mkataba utasaini siku ya kuchukua malipo. Ni karatasi moja tu."

"Nitumie karatasi hiyo leo, mwanangu, niisome kabla sijaandika neno."

Mwalimu huyu amefanya mambo matatu ya busara bila ugomvi. Ametenganisha sehemu alizoziandika mwenyewe na zile zinazoagizwa, kwa sababu sheria inazitazama kwa namna mbili. Amekumbuka kuwa sehemu tisa zitakuwa za mwagizaji iwapo hawatakubaliana vinginevyo. Na ameomba kuiona karatasi kabla ya kazi kuanza, wakati angali na nguvu ya kukataa.

Jambo hili la tatu lina uzito wa pekee. Mara nyingine "mkataba" wenyewe ni hati ya kupokelea fedha. Chini ya kiasi kilichoandikwa huwa na sentensi ndogo: mpokeaji amekubali kuhamisha haki zote za kazi hii, popote na milele. Mtu aliyesimama dirishani mwa mhasibu, akiwa na nauli ya kurudi nyumbani mawazoni, huitia sahihi. Kwa sahihi hiyo moja, hata sehemu nne alizoandika kwa hiari yake zinaweza kuwa zimehama, kwa kuwa sasa pana maandishi na sahihi. Tunawasihi wasomaji wetu: hati ya malipo isomwe hadi nukta ya mwisho, na sentensi usiyoikubali ikatwe kwa mstari, na pande zote mbili zitie sahihi pembeni mwa mstari huo.

Hesabu: mkupuo au marudio?

Watu wengi huuliza ipi kati ya njia hizi mbili ni bora. Jibu la kweli ni kwamba inategemea mchezo. Tufanye hesabu kwa takwimu za mfano. Viwango hivi si bei ya soko wala pendekezo letu. Tumevichagua ili hesabu iwe rahisi.

Mchezo una sehemu 13, kila sehemu dakika 15.

Njia ya kwanza: mwandishi analipwa shilingi 400 kwa dakika, na anahamisha haki zote. Kila sehemu ni shilingi 6,000; sehemu zote 13 ni shilingi 78,000. Hakuna malipo mengine tena.

Njia ya pili: analipwa shilingi 300 kwa dakika, anabaki na hakimiliki, na mkataba unasema kila marudio ya mchezo mzima yatalipiwa asilimia 25 ya ujira wa kwanza, na tafsiri katika lugha nyingine asilimia 40. Ujira wa kwanza ni shilingi 58,500. Kila marudio ni shilingi 14,625. Tafsiri moja ni shilingi 23,400.

Mchezo usiporudiwa kamwe, mwandishi wa njia ya pili amepoteza shilingi 19,500. Ukirudiwa mara moja, jumla yake ni shilingi 73,125, bado iko chini ya 78,000. Ukirudiwa mara mbili, jumla inafika shilingi 87,750, na kuanzia hapo njia ya pili ndiyo yenye faida. Ukirudiwa mara tatu na kutafsiriwa mara moja, kwa mfano kwa Kidholuo, jumla ni shilingi 125,775.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni: je, mchezo huu utarudiwa? Mchezo ulioandikwa kwa ajili ya kampeni ya chanjo ya mwezi mmoja, unaotaja tarehe na vituo, hautakuwa na maisha marefu. Hapo mkupuo wa haki unaweza kuwa uamuzi mwema, hasa kwa mtu mwenye karo ya kulipa. Mchezo kuhusu ndugu, mirathi, ndoa au kibanda cha chai hauzeeki upesi. Mwandishi asiuachilie kwa tofauti ndogo ya shilingi mia kwa dakika.

Viwango hupangwa na nani?

Sheria ya Hakimiliki haiweki kiwango cha chini cha ujira wa mwandishi wa redio. Inaweka nani ni mwenye mali; bei huachiwa makubaliano. Kwa hiyo anayekuambia "hiki ndicho kiwango cha serikali" akuonyeshe maandishi.

Ili msomaji aone kwamba inawezekana mambo kupangwa vinginevyo, tutazame kwa ufupi Uingereza, ambako BBC ilirusha mchezo wa Richard Hughes, A Comedy of Danger, mwezi Januari 1924, mchezo unaohesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kuandikwa mahsusi kwa redio. Huko, vyama vya waandishi, kikiwemo Writers' Guild of Great Britain, hujadiliana na shirika hilo na kuafikiana juu ya viwango. Ujira huhesabiwa kwa dakika za mchezo, mwandishi mwenye uzoefu hulipwa zaidi ya anayeanza, na matumizi ya baadaye yana malipo yake. Zaidi ya hayo, chama cha ALCS, kilichoanzishwa mwaka 1977, hukusanya kwa niaba ya waandishi malipo ya matumizi ya pili ambayo mwandishi mmoja hawezi kuyafuatilia mwenyewe.

Hapa Kenya vyama vya kukusanya mirabaha vinavyojulikana zaidi vinahusu muziki, rekodi za sauti na waigizaji. Mwandishi wa mchezo wa redio asikae akingoja fedha zimfikie kupitia vyama hivyo kwa sababu tu mchezo wake umerushwa. Mrabaha wake utatoka katika mkataba wake. Kisichoandikwa humo hakina mkusanyaji.

Hata hivyo, somo la Uingereza linatufaa kwa namna mbili. Kwanza, kuhesabu kwa dakika ni haki kuliko kuhesabu "kwa kipindi", kwani kipindi cha dakika 10 kinaweza kurefushwa kuwa 30 bila bei kubadilika. Pili, waandishi wanaoulizana bei hupata bei iliyo bora. Hakuna aibu kumuuliza mwenzako alilipwa kiasi gani.

Vipengele ambavyo mkataba haufai kukosa

Mkataba mzuri si lazima uwe mrefu. Kurasa mbili zenye mambo yafuatayo zinatosha.

1. Haki. Iandikwe nani anabaki na hakimiliki. Mwandishi aliyeagizwa anaweza kupendekeza maneno kama haya: "Licha ya kuwa kazi hii imeagizwa, pande mbili zimekubaliana kuwa hakimiliki inabaki kwa mwandishi, ambaye anampa mwagizaji leseni ya kuirusha kwa Kiswahili, katika stesheni iliyotajwa, mara mbili, ndani ya miaka mitatu."

2. Muda wa malipo. Malipo yafungwe na kukubaliwa kwa mswada, wala yasifungwe na siku ya kurushwa. Mwandishi hana mamlaka juu ya ratiba ya stesheni, na mswada unaweza kukaa kabatini mwaka mzima. Ni vyema malipo yagawanywe: sehemu moja siku ya kutia sahihi, nyingine rasimu ya kwanza inapopokelewa, na ya mwisho mswada unapokubaliwa.

3. Rasimu. Itajwe ni marekebisho mangapi yamo ndani ya ujira. Kufanya upya mara mbili ni kawaida. Mara ya tano ni kazi mpya.

4. Marudio, tafsiri na mtandao. Kila tumizi litajwe kwa jina lake pamoja na malipo yake. Neno "kurusha" lisiachwe peke yake, kwa maana litabishaniwa kama linajumuisha podikasti.

5. Taarifa. Mwagizaji amtumie mwandishi orodha ya urushaji kila miezi sita. Bila kipengele hiki, kipengele cha nne hakina meno.

6. Uhamisho unaongoja malipo. Kama unakubali kuhamisha haki, iandikwe kwamba hazihami mpaka shilingi ya mwisho iwe imelipwa.

7. Mchezo usiotumika. Iwapo kazi itasimamishwa njiani, mwandishi alipwe kwa sehemu aliyokwisha kuiandika. Na iwapo mchezo hautarushwa ndani ya muda uliotajwa, haki zirudi kwake.

8. Jina. Chini ya kifungu cha 32, mwandishi ana haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayoharibu heshima yake. Haki hizi hubaki kwake hata baada ya kuhamisha hakimiliki. Mkataba useme tu jina litasomwa wakati gani, mwanzoni au mwishoni mwa mchezo.

Kodi isikushtue

Mwandishi mkazi wa Kenya anayelipwa mrabaha atakuta asilimia 5 imekatwa kama kodi ya zuio. Katika mfano wetu wa shilingi 78,000, makato ya asilimia hiyo ni shilingi 3,900, na mkononi zinabaki 74,100. Kodi hii si ya mwisho: huhesabiwa katika taarifa yako ya kodi ya mwaka. Kwa hiyo anayekata ana wajibu wa kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato, nawe una haki ya kudai cheti cha makato. Fedha zikikatwa na cheti kisipatikane, uliza upesi.

Ukikosa kulipwa

Andika barua au barua pepe yenye tarehe, kiasi, kazi uliyoikabidhi na siku ambazo umempa mdaiwa. Usikasirike katika maandishi. Siku moja huenda yakasomwa na hakimu.

Deni la ujira lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60, na ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Dai la mkataba liletwe kabla ya miaka sita kupita tangu mkataba ulipovunjwa.

Mgogoro ukihusu hakimiliki yenyewe, kwa mfano mchezo wako umerushwa bila idhini au umepewa jina la mtu mwingine, peleka lalamiko kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Bodi hiyo pia husajili kazi. Ijapokuwa ulinzi hautegemei usajili, cheti ni ushahidi wa awali wa umiliki. Tunashauri mswada ulioandikwa kwa hiari yako usajiliwe kabla haujatoka mikononi mwako, na rasimu zote zihifadhiwe pamoja na tarehe zake. Zitathibitisha jambo lile tuliloanza nalo: kwamba mchezo huo uliuleta, hukuagizwa.

Maswali ya kujipima

1. Muuguzi ameagizwa na shirika kuandika mchezo wa sehemu sita. Hakuna maandishi yoyote kuhusu haki. Ameusikia ukirudiwa katika stesheni nyingine. Je, anaweza kudai mrabaha?
Jibu: La, isipokuwa athibitishe makubaliano yaliyouzuia uhamisho. Kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza. Bado ana haki ya kutajwa kuwa mtunzi.

2. Mwanafunzi alipeleka mchezo aliouandika mwenyewe. Umerushwa kwa idhini yake, akalipwa kwa simu, na hakutia sahihi popote. Hakimiliki ni ya nani?
Jibu: Ni ya mwanafunzi. Uhamisho huhitaji maandishi na sahihi.

3. Katika hesabu yetu, mchezo unahitaji kurudiwa mara ngapi ili njia ya pili izidi ya kwanza?
Jibu: Mara mbili.

Kumbuka

Uliza karatasi kabla ya kuandika. Taja haki kabla ya kutaja bei. Hesabu dakika, na udai orodha ya urushaji. Msomaji anayeitiwa kazi ya namna hii na ambaye hakuelewa sehemu yoyote ya mkataba wake aulete katika ofisi yetu kabla ya kuutia sahihi. Tutausoma pamoja naye. Baada ya sahihi, msaada wetu huwa na mipaka. Kabla yake, kalamu bado iko mkononi mwake.